Maswali Mawili kwa Mwenye Kisu

Mjukuu wangu alipopangiwa kutengenezwa valvu ya moyo Dar es Salaam, niliwaambia wazazi wake wamuulize daktari mambo mawili: kazi hiyo ameifanya mara ngapi, na ni wagonjwa gani waliomshinda. Waliona haya. Mimi sikuona haya, kwa sababu maswali hayo niliyasikia kwa mjomba wangu, siku tulipompeleka kaka yangu hospitali Nachingwea, enzi za mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza.

Tulikuwa tukikaa Nandagala. Nilikuwa nimeshahitimu chuo cha Kurani, nimeoa, na mimi nafundisha watoto. Kaka alikuwa na ngiri ya siku nyingi. Ikishuka aliirudisha kwa mkono, akaendelea kulima. Alfajiri moja, wakati wa kuvuna ufuta, ilishuka ikakataa kurudi. Akaanza kutapika. Tulimbeba juu ya kitanda mpaka barabarani, tukapata lori la magogo, na adhuhuri ilipoingia tulikuwa hospitalini.

Daktari aliyemwangalia alikuwa kijana wa Kizungu, hana hata ndevu. Dresa, msaidizi wa daktari, mtu wa kwetu aliyekuwa akitafsiri, alisema, "Utumbo umekabwa. Lazima apasuliwe sasa hivi."

Kwa desturi yetu ridhaa ilikuwa ya mjomba, siyo ya baba. Mjomba akamtazama daktari, kisha akanyoosha kidole kwa Mzungu mwingine aliyekaa ofisini, kichwa cheupe kwa mvi.

"Huyu hapana. Namtaka yule."

"Mzee, unatafuta daktari au shehe wa kufungisha ndoa?" dresa akamwuliza.

"Kwani wewe ulitahiriwa na mtoto?"

"Nilitahiriwa na mzee asiyeona vizuri, ndiyo maana nakuuliza."

Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mjomba hakucheka, wala hakubanduka. Kaka alikuwa amelala anauma shuka. Nilijaribu kusema neno, nikanyamazishwa. Nikabaki nasoma Yasini kwa sauti ya chini huku jua likisogea.

Karibu na alasiri yule mwenye mvi akaja mwenyewe. Alizungumza polepole, dresa akitafsiri.

"Anasema yeye ndiye mkubwa hapa, lakini kazi yake ni barua na kuagiza dawa. Hajashika kisu miaka mingi. Akimpasua ndugu yenu, atakuwa anajifunza upya kwenye tumbo lake. Huyu kijana alikuwa vitani, akipasua matumbo kila siku."

 Kwetu, kabla ya wavulana kuingizwa jandoni, wazee humwuliza ngariba ameshika kisu misimu mingapi, kisha ni nani aliyevuja damu sana mikononi mwake, na alifanya nini. Anayejibu kwamba hakuna aliyewahi kuvuja hurudishwa kwao: ama anadanganya, ama kazi alizofanya bado chache. Siku ile mjomba alikuwa ametazama nywele, akasahau kuuliza. Sasa akamgeukia yule kijana.

"Ngiri kama hii umepasua ngapi?"

"Anasema alishaacha kuhesabu," dresa akajibu.

"Na waliokufa?"

Daktari hakuharakisha. Akainua vidole vinne.

"Hao anawakumbuka," dresa akasema, safari hii bila mzaha. "Wote waliletwa wamechelewa."

Mjomba alikwisha kusimama. "Mchukueni. Mchukueni upesi!"

Tuliswali nje, alasiri na kisha magharibi. Daktari alipotoka, alituambia kaka yuko hai, lakini kipande cha utumbo kilikuwa kimekufa, kimegeuka cheusi. Amekikata na kuunganisha palipobaki. Akaonyesha urefu wake juu ya mkono, kama shubiri moja. Mngekubali mchana, akasema, pengine nisingekata kitu.

"Mwambie shubiri hiyo nimeikata mimi," mjomba akasema.

Dresa akatafsiri. Daktari akamshika mjomba bega, akaenda kunawa.

Alhamdulillahi, kaka alipona, akalima miaka mingi na kuzaa watoto wengine. Mwenyezi Mungu ndiye aponyaye, na mimi humshukuru pia kwa mikono aliyoizoesha kazi ile mahali pengine kabla haijatufikia sisi. Siku kaka alipoweza kukaa kitandani, mjomba aliketi chini sakafuni, mbele yangu na mbele ya baba, akamwomba kaka radhi. Sijapata kuona tena mjomba akimfanyia hivyo mpwa wake.