Kofia ya Mfamasia

Doreen, aliyekaa na mfamasia mgeni uwanjani majira yote ya baridi, hakuwahi kuona mikono iliyobadilika namna ile. Mchana dukani, mikono ya mfamasia iligawa vidonge bila papara. Kwenye hoki ya barafuni, wachezaji wakigombea kisahani cha mpira kwa magongo, ilipunga hewani mpaka kahawa ikamwagikia magoti. Na ile sauti ya kunong'ona kaunta ilimtangulia refa: "Kaotea! Kavuka mstari wa buluu kabla ya kisahani!" Kila alipopatia alimgeukia Doreen, macho yanameta, kisha akaiweka sawa kofia ya sufu aliyofumiwa na marehemu bibi yake, ambayo hakuivua hata kanisani.

Jumamosi ile Doreen alimfundisha jambo jipya: mchezaji mmoja akifunga mabao matatu, watu hurusha kofia barafuni. "Halafu zinarudi?" "Zinazolewa kwa sepetu, mwanangu. Hazirudi." Mfamasia akaishika yake kwa mikono miwili. Bao la tatu la mchezaji mmoja lilipoingia, akaruka na kuirusha. Ikatua peke yake katikati ya barafu. "Mwanangu," Doreen akasema taratibu, "huyo ni wa timu ya wageni." Mzee Orest, mteja wake wa dukani, akafoka kutoka viti vya nyuma, "Dawa zangu nitanunua mji mwingine!" Mfungaji akaiokota, akaivaa juu ya helmeti, akazunguka nayo uwanja mzima, wenyeji wakimzomea huku wakicheka, kisha akamrushia mwenyewe juu ya kioo kinachozunguka uwanja. Mfamasia aliidaka akilia kwa kicheko. Siku hizi huja kaifunga kidevuni kwa kamba. Bao likiingia, Orest huuliza kwanza, "Mfamasia, hilo letu?" Lakini yeye huwa keshapanda juu ya kiti.