Mume Wangu Aliomba Milima

Mke wa mkubwa wa mume wangu kazini ndiye aliyeniambia, tukiosha vikombe baada ya mkutano wa akina mama kanisani. Tulikuwa na wiki chache tu Kericho, na hata baridi yake sikuwa nimeizoea.

"Kumbe wewe ndiye bibi ya yule aliyeomba kuletwa huku," akasema. "Mzee wangu bado anashangaa. Watu huomba kurudishwa karibu na kwao."

Nikamwambia amekosea, mume wangu alihamishwa. Akanitazama, akachukua kikombe nilichokwisha kukiosha, akakiosha tena. Kikombe hicho ndicho kilichonifanya niamini.

Kisumu nilikuwa na cherehani mbili kwenye veranda ya duka, na wateja walionijua tangu nikiwa msichana. Mume wangu alipokuja na habari za uhamisho nililia, kisha nikamhurumia yeye. Nilidhani ameonewa kazini. Nilisimama kanisani nikaomba waliomfanyia hivyo wasamehewe, naye amekaa kando yangu, amefumba macho, akaitikia amina.

Jioni hiyo nilingoja amalize kula.

"Baba, ni wewe uliomba tuletwe huku?"

Alinawa mikono, akaipangusa polepole. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

Akaiangalia baiskeli yake. Ilikuwa ya gia, aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na ililala sebuleni kwetu kama mgeni wa heshima.

"Kule Kisumu, upande wa Kano ni tambarare tupu," akasema. "Kwingine nimepita mpaka mbwa wananijua. Huku kuna milima."

Nilisubiri aendelee. Hakukuwa na lingine. Karani wa stoo, baba wa watoto watatu, alikuwa amehamisha nyumba nzima ili apande milima Jumamosi. Sikugombana naye. Siku kadhaa nilipika, nikafua, nikaamsha watoto waende shule, na kichwani neno ni hilo moja, milima.

Kisha nikamwambia Jumamosi nitakwenda naye. Nilitaka kukiona hicho kitu kwa macho yangu.

Tukawaacha watoto kwa jirani, tukashika barabara ya Litein, mimi nimekaa kwenye keria nyuma yake. Mlima ukianza nilishuka nikatembea. Yeye alikanyaga hadi juu, akaningoja. Wachumaji wa chai walisimama na vikapu mgongoni wakitutazama. Mmoja wao, mama wa kwetu, aliniita kwa lugha yetu akaniuliza ni nani amefariki. Hakuona sababu nyingine ya mama mzima kubebwa kwa baiskeli mbali hivyo. Nikampungia mkono, tukapita.

Tulikuwa hatujafika Kapkatet mvua ya mawe ilipotukuta kwenye mteremko. Alishika breki, baiskeli ikaendelea kwenda. Tukaingia mtaroni, mimi juu yake. Mama mmoja akatoka mbio kwenye boma lake, amejifunika gunia kichwani, akatuvuta hadi jikoni.

Alitupa chai ya maziwa, akanifunga goti kwa kitambaa, ndipo akauliza. "Mlikuwa mnaenda wapi na hii mvua?"

"Hatuendi mahali, mama," mume wangu akajibu. "Tunatembea tu."

Akanigeukia mimi. "Kutembea tu?"

Hapo yakanitoka yote, kwa mtu nisiyemjua. Uhamisho, maombi, ile amina. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Yaani baba," akasema, "ulitoa huyu mama kwao sababu ya kilima? Hivi vilima vyetu? Mimi napanda hiki kila siku na majani ya chai mgongoni, na sijawahi kukipenda."

"Ningemwambia angekataa," mume wangu akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na angekuwa na haki. Lakini kazini ni vitu vya watu, nyumbani ni karo na kodi. Nikifika juu ya mlima hakuna mtu ananiuliza kitu. Sijui kueleza."

Nikaona ananitazama kwa kuibia juu ya kikombe chake, na nikaelewa kwamba ananiogopa. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kujua kwamba mtu huyu ananiogopa. Jambo hilo lilinishtua kuliko uhamisho wenyewe.

"Ungeniambia," nikasema. "Ningekataa, halafu ungenibembeleza. Hata kubembelezwa ulininyima."

Yule mama akacheka kidogo, akainuka kufungua mlango. Mawe yalikuwa yamekoma. Chai yake yote shambani ilikuwa imechanwachanwa, majani mabichi yametapakaa chini. Aliokota jani moja, akaligeuza, akalitupa. Kisha akarudi akatuongeza chai.

Mimi nilirudi mjini kwa pikapu ya maziwa, yeye kwa baiskeli. Aliingia giza likianza, ametapakaa matope, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Nikamwekea maji moto miguuni.

"Jumamosi ijayo ni wapi?" nikamuuliza.

Aliinama akafungua kamba za kiatu. "Mogogosiek. Labda nifike Boito."

"Basi nitatangulia kwa gari. Utanikuta huko."

Alikuwa amevua kiatu kimoja. Akabaki nacho mkononi, maji yakichuruzika, akinitazama kama mtu asiyeamini masikio yake.