Mwili Alioutafuta Mama

Nilipoajiriwa katika timu ya utafiti kuhusu unene, ugonjwa wa sukari na maradhi ya moyo, sikujua kazi hiyo ingenirudisha jikoni kwa mama. Tulikuwa watatu: daktari wa moyo kutoka Embu, mwenzetu mmoja aliyesomea mila na maisha ya watu, na mimi, mtaalamu wa lishe. Tulizunguka vijiji vya Tigania tukipima presha na sukari, tukiwauliza watu wanakula nini na kwa nini. Tulipofika kijijini kwetu, karibu na Mikinduri, mama alikataa katakata tupite mlangoni pake bila kuingia.

Mama alikuwa mnene. Tulipokuwa wadogo, baridi ya Julai iliposhuka, tuligombania kumwegemea tumboni huku nduma zikichemka jikoni. Akienda kanisani watu walimwambia, "Umenona, mama, Mungu amekukumbuka," naye alicheka hadi mabega yakatikisika.

Siku hiyo alituketisha mezani kwanza. Kulikuwa na mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja na maharage meusi ya njahi, nyama ya mbuzi, na chai ya maziwa iliyotiwa sukari bila huruma.

"Nitapimwa mkishakula," alisema. Nami nilikula kama mwanafunzi aliyetoka bordingi.

Kisha akatoa mkono. Daktari alimdunga kidole, akatazama kipimo, akarudia kwa kidole kingine. Presha nayo ilikuwa juu.

"Mama, sukari yako imepanda sana. Itabidi upunguze mwili."

Mama alirudisha mkono mapajani. "Nipunguze mwili? Huu mwili nimeutafuta, daktari."

Daktari alitaka kujibu, lakini yule mwenzetu wa mila alimgusa bega, akamgeukia mama. "Uliutafutaje?"

Ndipo nikasikia jambo ambalo mama hakuwahi kutuambia. Alipoolewa alikuwa mwembamba. Mwaka uliofuata mvua haikunyesha, akakosa maziwa kifuani, na mtoto wake wa kwanza, kaka yangu nisiyemjua, akafa. Wanawake mtoni walinong'ona kwamba kwake hakuna chakula. Baada ya hapo aliapa kwamba mtoto wake mwingine hatalala njaa.

"Mtu akiniona," alisema, "anajua watoto wangu wameshiba."

Chai ilipoa vikombeni. Daktari, ambaye kwa kawaida huongea haraka, aliweka kipimo mezani.

"Watoto wameshiba, mama," alisema polepole. "Sasa wanataka kukaa na wewe."

Mama akanitazama. "Na wewe, hii ndiyo kazi uliyosomea? Kuninyima chakula?"

"Hapana, mama. Tutapika pamoja."

Nilichukua likizo nikabaki naye. Mukimo hatukuuacha, tulizidisha mchicha wa terere na majani ya malenge, tukapunguza viazi na mahindi. Uji wa wimbi uliochacha, aliotupikia zamani kabla mkate haujazoeleka kijijini, ukarudi mezani, na harufu yake ikanirudisha utotoni kabisa. Chai bila sukari aliinywa amekunja uso kama aliyepewa dawa ya minyoo. Vidonge alivimeza akinung'unika. Asubuhi alipanda hadi shamba la juu na wanawake wa kanisa, nami nikiwa jikoni nilisikia nyimbo zao zikififia mlimani. Kwenye timu, nako, tulianza kuwauliza watu kuhusu njaa waliyoiona kabla ya kuwapandisha kwenye mizani.

Sasa sukari yake imetulia, na mwili umepungua. Lakini majirani wanamwuliza kama anaumwa, na shangazi alinivuta pembeni kunihoji kama ninamtunza kweli. Mimi ninayejua kwamba huku kupungua ndiko kulikomwokoa, baridi ikija bado namkumbuka kwa hamu yule mama wa zamani, aliyejaza kiti kizima.

Juzi nilikuwa sokoni Gakoromone nikinunua ndizi. Nilimpita bibi mmoja mwembamba aliyekuwa akibishana na muuzaji juu ya bei ya kabichi.

"Siku hizi unanipita?" sauti ikaniita.

Nikageuka. Alikuwa mama, gauni lake la kanisani limekazwa kiunoni kwa leso.

"Nipelekee hili kwa fundi," alisema akilivuta lile gauni pembeni, "alipunguze. Lakini mwambie asikate kitambaa, akikunje ndani. Huwezi kujua."

Tukacheka wote wawili, na muuzaji naye akacheka bila kujua kwa nini, akamshushia bei.