Muhula Mmoja na Mtoto Mgongoni

Walisema sitamaliza wiki mbili. Mama mkwe, Bi Fatu, alisema siku tatu. Shemeji yangu alisema hajawahi kuona mwanamume akifunga mbeleko ikakaa. Jirani yetu pale Lindi aliuliza kama kwenye diploma ya ualimu kuna somo la kubadilisha nepi. Nilimjibu kwamba halimo, na kwamba hata kubeba magunia sokoni Dar es Salaam sikusomea, lakini niliyabeba, nikajilipia ada mwenyewe, nikarudi kusini na stashahada yenye jina langu. Katika ukoo wetu wote kule Rutamba ni hiyo moja tu. Ipo ukutani kwa mama yangu, imewekewa kioo.

Sababu ya safari ni hii. Nilipangiwa shule ya msingi ya Nambondo, kijiji kilicho milimani Umatumbi, mbele ya Kipatimu. Mwezi huohuo mke wangu Mwanaisha aliitwa arudi chuo cha uuguzi Mtwara, na bwenini hawapokei watoto. Binti yetu Zuhura alikuwa na miezi kumi. Bi Fatu alikuwa amekwisha kumtandikia kitanda. Nikasema mtoto atakaa na baba yake.

"Haya, baba," akasema Bi Fatu. "Mwezi wa sita nakuja mwenyewe. Nikimkuta amekonda, au hana mtu wa kumshika, narudi naye Lindi, na usinifuate."

Nilikubali mbele ya watu. Mimi nikikubali kitu hukubali mbele ya watu.

Tuliondoka Lindi asubuhi, Zuhura kifuani, begi mgongoni, chupa ya uji mkononi. Basi liliposimama Kiranjeranje, mama mmoja muuza machungwa alichungulia dirishani.

"Mama yake yuko wapi?"

"Mtwara, anasoma."

"Na wewe?"

"Mimi namlea."

Akawaita wenzake waje kuona. Walikuja watatu. Walimpa Zuhura chungwa la bure, mimi wakaniuzia.

Kwenye kituo cha Njia Nne tuliiacha lami tukapanda gari la mizigo, juu ya mifuko ya saruji. Barabara ya Kipatimu wakati wa mvua haina haja ya kusimuliwa; anayeijua anaijua, na asiyeijua ataniona muongo. Abiria walinyoosha mikono kumpokea mtoto. Mzee mmoja alisema, "Lete mjukuu wangu, utamwangusha." Nikamwambia, "Ahsante, mzee wangu, nitaweza." Mama aliyekaa pembeni yangu akaomba. Nitaweza. Binti mmoja akaomba. Nitaweza. Tulipofika Kipatimu hakuna aliyeomba tena, na mimi nikalihesabu hilo kuwa ushindi.

Nambondo tulifika alasiri kwa pikipiki. Mwalimu Mkuu, Mzee Mbonde, alinipokea mbele ya ofisi. Alimtazama Zuhura, akanitazama mimi.

"Tuliomba walimu wawili," akasema. "Wametuletea mmoja na robo."

Nyumba yangu ilipakana na ya Bi Somoe, mjane mwenye wajukuu na shamba kubwa la mahindi. Alikuja na ndoo ya maji. "Karibu, Mwalimu. Nipe mtoto ufungue mizigo."

"Shikamoo, Bi Somoe. Ahsante, nitaweza."

"Marahaba," akasema, akaacha ndoo, akaondoka.

Sasa niseme jinsi nilivyofundisha, kwa sababu wengi waliniuliza. Nilifunga mbeleko mwenyewe, na ilikaa. Nilifundisha darasa la nne hesabu na Kiswahili, Zuhura mgongoni. Niligundua kwamba mtoto hulala nikipaza sauti na huamka nikinyamaza. Kwa hiyo darasa la nne halikupewa kazi ya kuandika kwa majuma mengi. Waliimba jedwali la kuzidisha kutoka asubuhi hadi mapumziko. Mwalimu Mkuu alikuja mlangoni kuuliza kama nina tatizo na madaftari. Nikamwambia hii ni mbinu shirikishi. Hadi leo darasa lile halikosei saba mara nane.

Tatizo lilianzia kwenye mayai. Wiki ya kwanza nilinunua mayai kwa jirani yeyote. Wiki ya tatu nikaambiwa kuku wamegoma kutaga. Niliambiwa hivyo nyumba baada ya nyumba, huku kuku wakipiga kelele za kutaga nyuma ya nyumba. Karanga za kuweka kwenye uji zikawa zimekwisha kijiji kizima. Maziwa ya mbuzi, mbuzi wote walikuwa wamekauka. Nilimpa Zuhura uji mtupu na ndizi. Mwishoni mwa mwezi wa pili nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimning'iniza kwenye mzani, akaangalia mara mbili, akasema, "Mwalimu, huyu amepungua."

Nilirudi nyumbani nikakaa kibarazani. Niliwaza kitanda kilichotandikwa Lindi. Bi Somoe alikuwa anapepeta mchele upande wa pili wa ua. Nikamuuliza kama ana yai, hata moja.

Hakuinua macho. "Mwalimu, nikuulize na mimi. Nani aliyekwambia kwamba mimi ni mchawi?"

"Hakuna, Bi Somoe."

"Basi umejua mwenyewe."

"Mimi sijasema neno hilo!"

"Kwani mpaka useme? Tumesikia, tangu kwenye gari la saruji watu wanakuomba mtoto wamshike, unamkumbatia. Umefika hapa, nimekuomba, umemkumbatia. Mke wa Mwalimu Mkuu kakuomba, unafunga mbeleko mafundo mawili. Mtu anayemficha mtoto anaona watu wana jicho baya. Sasa mtu mwenye jicho baya akuuzie yai? Mtoto akiumwa tumbo utasema nani?"

Sijawahi kushindwa mjadala hata chuoni, na hata pale sikushindwa. Nilifungua mafundo, yote mawili, nikamweka Zuhura mapajani mwake juu ya pumba za mchele.

Bi Somoe alimgeuzageuza. "Mh! Mtoto mwepesi kama kikapu kitupu. Diploma hii inakula nini?" Akapaza sauti kuelekea nyumba ya nyuma: "We Hadija! Lete mayai! Kuku wametaga!"

Kuanzia hapo nilipanga utaratibu, na utaratibu ule ni wangu. Jumatatu Zuhura alikaa kwa Bi Somoe, Jumanne kwa Hadija, mkwe wake, Jumatano kwa mke wa Mwalimu Mkuu, na kuendelea. Kila siku niliyoazimwa niliahidi kuirudisha, kwa sababu mimi si mtu wa kulelewa mtoto bure. Mahindi yalipoanza kubeba, ngedere nao walianza kushuka, nikapata cha kulipia. Jumamosi, Jumapili na likizo fupi yote nilikaa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia, kwenye shamba la mtu, na debe na manati, nikifukuza ngedere. Ngedere wa Umatumbi wanajua mtu mgeni. Siku ya kwanza walikula mbele yangu. Siku ya pili niliwasomea jedwali la nane kwa sauti ya darasani, wakaondoka.

Mwezi wa sita Bi Fatu alifika, juu ya pikipiki, mkoba mapajani. Hakunywa hata maji; tulikwenda moja kwa moja zahanati. Mzani ulisema vizuri. Nilimwomba muuguzi arudie kwa sauti, naye akarudia.

"Uzito nimeuona," akasema Bi Fatu. "Uzito huu ni wa kina mama hawa. Wewe umesema unawalipa. Ukishawalipa, muhula ujao nani atamshika?" Tuliporudi nyumbani akaanza kukunja nguo za Zuhura na kuzitia mkobani.

Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mwisho ya kulipa, shambani kwa Bi Somoe. Bi Fatu alikuja pia, amembeba mtoto, mkoba begani. Nililinda mpaka jua likapoa. Hakuna hindi lililoondoka. Nilishuka kwenye dungu nikasimama mbele ya wote wawili.

"Bi Somoe, leo nimemaliza. Kijiji kizima hakuna anayenidai."

Bi Somoe aliacha kufunga kuni. "Unahama?"

"Sihami."

"Mbona umelipa wote? Mwalimu aliyekutangulia alilipa wote Jumamosi, Jumatatu tukakuta mlango wazi." Akamgeukia Bi Fatu. "Na wewe umekuja na mkoba. Basi mtuage, si kutukimbia."

Bi Fatu alinitazama kama msimamizi wa mtihani anayesubiri karatasi.

"Bi Somoe," nikasema, "naomba uniazime siku."

"Ngapi?"

"Jumatatu za muhula ujao. Zote."

"Zote! Na Hadija?"

"Hadija nitamwomba Jumanne zote."

"Mwalimu, hilo deni utalilipa na nini? Mahindi tunavuna."

"Kuna korosho za kuokota."

"Mgongo huo wa kusomea utaweza kuinamia korosho?"

Nikafungua mdomo niseme nitaweza. Nikasema, "Mtanionyesha."

Bi Somoe alicheka, akanyoosha mikono. Bi Fatu akampa mtoto. Kisha aliweka mkoba chini palepale shambani, akatoa nguo za Zuhura moja moja na kunipakia mikononi, gauni, kofia, soksi. Ya mwisho ilikuwa sweta.

"Hili limembana," akasema. "Mtafutie kubwa."