Kipande Ambacho Hakikuzikwa

Pale maabara walimwita Jicho, maana kazi yake ilikuwa kutazama. Vipande vya ini vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vimebanwa kwenye vioo, yeye alivisoma kwa hadubini na kusema mafuta ni kiasi gani na kovu limefika wapi. Mama yake alizoea kusema amezaa binti anayeona kitu kidogo kuliko chawa ila haoni chumvi mezani. Hakuwa mtu wa kuona mauzauza. Hata kaka yake alipozikwa hakulia. Alishughulika na viti na maji ya wageni.

Hospitali ilipoleta akili mnemba ya kusaidia kusoma ini lenye mafuta, waliijaribu kwanza kwa vioo vya zamani. Jicho alivipiga picha kimoja kimoja, huku akipiga soga na mwenzake wa meza ya pili. Katikati ya soga akakisogeza kimoja karibu na taa. Kwenye kioo alichoshika, kwa penseli, paliandikwa jina la kaka yake.

Kaka alikufa kwa ini. Watu walisema pombe. Mwenyewe aliapa hanywi, wakamwitikia kama mtoto anavyoitikiwa. Kipimo cha kipande cha ini lake, kilichosomwa na mtu ambaye sasa amestaafu, kilisema ni mafuta tu, hakuna kovu.

Mashine ilipaka makovu rangi ya buluu. Buluu ikatambaa kwenye picha kama mizizi. Daraja la tatu kati ya manne. Jicho hakuiamini, akakiweka kioo chini ya hadubini, akatazama mpaka shingo ikamuuma. Nyuzi za kovu zilikuwepo, nyembamba, rahisi kupitwa. Kaka alipoambiwa arudi nyumbani asiwe na wasiwasi, tayari zilikuwa zinamfunga.

Tangu hapo nyuzi zikamwandama. Aliziona kwenye utando wa maziwa, kwenye nyufa za dari, kwenye mkono wa mama yake akipokea kikombe.

"Una nini wewe?" mama akauliza.

Akamweleza.

"Kwa hiyo hakunywa?"

"Kioo hakisemi, mama. Mafuta yaletwayo na pombe na yaletwayo na ugonjwa wa sukari hufanana."

"Na hiyo mashine yenu?"

"Nayo haisemi."

Mama akaweka kikombe chini. "Basi hatukuzika mwili wake wote."

Jicho hakuwa amelifikiria hilo.

Akaomba ruhusa, akampeleka maabara. Mama alivua miwani, akainamia hadubini, mkono umeshika ukingo wa meza. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwanawe sebuleni, akasema, "Hujambo, mwanangu."

Yule mwenzake wa meza ya pili akatoka nje.

Hospitali iliamua kila kioo kilichoandikiwa mafuta tu kisomwe upya, na wagonjwa waliokuwa bado hai wakaitwa. Mama hakuuliza tena habari za pombe. Ila akimpigia binti yake simu kazini, humjulia hali kwanza, halafu hushusha sauti.

"Na kaka yako?"

"Yupo, mama."