Mtoto Aliyeondoka Kabla ya Siku ya Saba

Alhamdulillahi, sifa zote ni za Mola anayetoa na kutwaa. Nimezeeka nikimshukuru, na haya ninayoyaeleza, ingawa yananiliza, nayaeleza kwa kumshukuru.

Usiku ule nililala na maneno ya binti yangu Zuhura kichwani. Yeye kazi yake ni kompyuta. Husaidia kutunza kumbukumbu za saa za nchi zote, ili mashine zijue na saa za zamani. Jioni alinieleza kwamba kabla sijazaliwa, enzi za wakoloni, saa za huku kwetu zilibadilishwa mara kadhaa, na kila kipindi kina kanuni yake. Ukiuliza habari za siku ya zamani, kompyuta haikupi kifupisho cha saa za leo, yaani zile herufi chache za kuzitaja. Hutazama kanuni ya siku ile.

"Na kama saa za wakati huo hazikuwa na kifupisho?" nikamuuliza.

"Tunaandika namba tu, mama. Hatubuni. Kifupisho lazima kiwe kilitumiwa na watu."

"Wakoloni na ukali wao wote, wakashindwa kuzipa saa jina!"

Akacheka. Lakini neno hilo, jina, lilinikumbusha kaka yake, mwanangu wa kwanza. Alifariki kabla ya siku ya saba, siku ambayo kwetu mtoto huchinjiwa akika na kupewa jina. Nilikuwa hoi kwa homa ya uzazi. Hata alipotolewa kwenda kuzikwa sikujua. Miaka yote namtaja katika dua kwa kusema "yule mtoto." Nikakusudia kukikucha nimchagulie jina, nimwite Salim, kama marehemu baba yake.

Usingizini nilijiona nimekaa mbele ya kompyuta ya Zuhura. Kioo kimejaa namba, nami namtafuta mwanangu humo. Kisha kioo ni maji, maji yamo ndani ya beseni, na marehemu mama yangu amepiga magoti, anamwogesha mtoto. Chumba kinanukia mafuta ya nazi. Nanyoosha mikono, haifiki.

"Mama, nimemchagulia jina. Salim."

Hainui uso. "Usimbunie jina, Rukia. Analo."

"Alipewa na nani? Siku ya saba hakuifikia."

"Nikimwogesha nilikuwa nikimwita Faraji. Naye akinigeukia."

Mtoto ananitazama. Nataka kumwita, sauti haitoki. Mama anamfunika kanga, anasimama, na pale walipokuwa hapana mtu.

Niliamka mto umelowa machozi. Baada ya swala ya alfajiri nikampigia simu dada yangu Mwanaisha, ambaye siku zile ndiye aliyekuwa akimsaidia mama kumwogesha mtoto. Sikumweleza ndoto. Nilimuuliza tu kama mama aliwahi kumwita mtoto jina lolote.



"Faraji," akasema. "Nani kakwambia, mdogo wangu? Mama alitukataza tusikutajie, tusije tukakuongezea uchungu."

Nilirudi kwenye msala wa kuswalia nikalia mpaka jua likatoka, kisha nikainua mikono na kumtaja mwanangu kwa jina lake kwa mara ya kwanza: Ya Rabbi, nikutanishe na Faraji.

Nawe unayesoma, kama umemzika uliyempenda, waulize habari zake waliokuwa wakimpakata, wangali hai. Mwenyezi Mungu akuhifadhie walio mikononi mwako, na waliotangulia akukutanishe nao katika rehema zake. Amin.