Siku Mama Otto Alipotoa Viti Nje

Mgongo wa Walburga, ambaye Mjimwema nzima inamwita Mama Otto, ulianza kumsumbua msimu ule alipolima matuta peke yake, mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe Fulgence. Sasa ni mwaka wa tatu tangu amzike. Alikwisha kumeza vidonge mpaka tumbo likagoma. Alikwisha kuvaa mkanda wa kiunoni uliomkaba hata pumzi. Mzee mmoja wa Namtumbo alimchanja, akampaka dawa nyeusi, naye akarudi na maumivu yale yale na chale tisa juu yake. Yote aliyafanya kwa sababu watu walimwambia ayafanye. Hakuwa na tumaini, hakuwa na hofu. Tangu msiba moyo wake ulikufa ganzi, hata makaburini hakutoa chozi, na hilo hakumwambia daktari kwa kuwa hakuulizwa.

Hospitalini, kijana wa mazoezi ya viungo alisema upasuaji hauhitajiki.

"Mama, utalala chini kwenye mkeka, ukunje magoti, unyanyue kiuno mara kumi. Kila asubuhi, wiki sita. Ukifanya, mvua zikianza utashika jembe. Usipofanya, shamba mpe mtu mwingine."

Shamba lile alilifyeka Fulgence kwa mikono yake. Kumpa mtu mwingine Walburga hakutaka, na hicho ndicho kitu pekee alichokuwa bado anakitaka duniani.

Tatizo lilikuwa sebule. Sisi tukijaliwa sebule ya hatua nne, tunanunua makochi ya hatua tano. Katika ile ya Walburga nafasi ya kumlaza mtu ilipatikana mara moja tu, siku viti vilipotolewa nje ili jeneza liingie. Basi siku kumi na moja mkeka ukakaa umesimama nyuma ya mlango.

Siku ya kumi na mbili mawingu yalitanda upande wa milima ya Matogoro. Walburga akatoa viti. Kimoja kimoja, kisha meza, kisha kochi refu, akilisukuma kwa nyonga. Na mgongo ule! Mgonjwa akiamua kujitibu, akili huiweka kando. Akatandika mkeka, akalala palepale lilipokuwa jeneza. Alisubiri ahisi kitu. Hakuhisi chochote, akaanza kuhesabu.

Alipofika sita akasikia kilio kikija mbio.

Alikuwa Renatha, jirani yake na mwenzake wa jumuiya ya kanisani. Alikuwa ameona viti nje asubuhi ya Jumanne, na viti nje asubuhi ya Jumanne, pasipo harusi, kwa watu wa Songea vina maana moja. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, beseni la unga mkononi. Akaingia, akamwona Mama Otto chali kwenye mkeka, akapiga yowe lililowaamsha mbwa.

"Sijafa," alisema Walburga. "Ni mazoezi."

Renatha akaketi chini kwa kishindo, unga ukamwagika. "Jamani, Mama Otto! Mazoezi gani ya kutoa viti nje?"

"Ya mgongo. Mara kumi kila asubuhi."

"Nimelia kutoka kwangu mpaka hapa. Nikasema, ameondoka huyu, na sikumuaga."

Walburga akageuza shingo. Uso wa Renatha ulikuwa umelowa hadi kidevuni.

"Ulikuwa unanililia mimi?"

"Humu ndani umebaki nani mwingine wa kumlilia?"

Walburga akarudisha macho darini, akanyanyua kiuno. Saba, alihesabu kwa sauti. Nane ilimshinda. Machozi yakamtoka, yakamwingia masikioni, mengi, ya miaka mitatu.

"Umejitonesha mgongo?" Renatha aliuliza.

"Siyo mgongo."

Renatha alisogea, akanyoosha miguu kwenye mkeka kama wanavyokaa wafiwa, akamshika mkono mpaka alipomaliza kulia.

"Bado tatu," alisema Renatha. "Na kesho viti nitatoa mimi."